SSD za kompyuta za kawaida ndani ya seva: mfumo ukiwa mzito, diski ikipotea, umri ukiisha mapema

Simu nyingi ninazopigiwa kuhusu seva siku hizi zinaanza hivi: "Fundi, tumetoa diski za zamani tukaweka SSD, mbona mfumo umekuwa mzito kuliko mwanzo?" Anayepiga anaweza kuwa Tukuyu, Makambako, Mafinga au hapa hapa Mwanjelwa, Mbeya, lakini kisa ni kilekile. Seva imenunuliwa ikiwa imeshatumika, imewekwa kwenye chumba cha mhasibu, na SSD, yaani diski za chipu zisizo na sehemu inayozunguka, zimetoka duka la vifaa vya laptop au zimepandishwa basi kutoka Kariakoo. Zimefungwa, zimewaka, watu wamefurahi wiki mbili.

Mimi sizikatai diski hizo. Ninazo zilizoingia mwaka wa nne kwenye seva za shule na hazijanisumbua. Ninachokataa ni kuzifunga bila kujua seva inaandika nini, inaandika mara ngapi, na umeme ukikatika katikati ya kuandika kitatokea nini. Kwetu nyanda za juu kusini swali hilo la mwisho ndilo ninaloanza nalo, kwa sababu kuanzia Novemba hadi Aprili radi zinapiga, na umeme ukienda na kurudi mara tatu mchana mmoja hakuna anayeshangaa.

Kabla hujagusa kitu

Hakikisha bakapu ipo, na si kuambiwa tu kwamba ipo. Ifungue uone inasomeka. Kisha soma afya ya diski kwa `smartctl -a /dev/sda`, au `smartctl -a /dev/nvme0` kama ni NVMe (aina ya SSD inayounganishwa kwa njia ya kasi zaidi). Diski zikiwa nyuma ya kontrola ya RAID (kadi inayounganisha diski kadhaa zifanye kazi kama moja) ya aina ya MegaRAID, andika `smartctl -d megaraid,0 -a /dev/sda`, ukibadilisha hiyo 0 kwa namba ya kila diski. Nakili kwenye daftari saa ambazo diski imewaka, kiasi kilichoandikwa, mara ilizozimwa vibaya na makosa iliyoyahesabu.

Halafu, watu wakiwa kazini, endesha `iostat -x 1` na utazame safu ya w_await. Hizo ni milisekunde ambazo kila ombi la kuandika linasubiri. Safu hiyo moja imenipunguzia kubahatisha kuliko kifaa chochote nilichowahi kununua.

Kunakili kunaanza kwa kasi, kisha kunatambaa

Unahamisha mafaili ya gigabaiti 300. Dakika ya kwanza unaona megabaiti 500 kwa sekunde, ukirudi na chai yako unakuta 80. Diski si mbovu. Hivyo ndivyo ilivyotengenezwa.

Chipu za SSD huweka biti ndani ya seli. Aina ya TLC hubeba biti 3 kwa seli, QLC hubeba 4. Kadiri biti zinavyobanana ndani ya seli moja, ndivyo kuandika kunavyochelewa na ndivyo seli inavyochakaa mapema. Kwa hiyo mtengenezaji hutenga sehemu ya diski iandikwe biti moja tu kwa seli, ambayo ni ya haraka sana, na hiyo ndiyo kache. Ikijaa, data zinaanza kwenda moja kwa moja kwenye seli zilizobanana, na hapo kasi halisi ya diski inajitokeza. Samsung wenyewe wanaandika kwenye vipimo vya 870 QVO ya terabaiti 1 kwamba inafika megabaiti 530 kwa sekunde kache ikiwa wazi, na 80 ikishajaa. Diski ya kawaida ya kuzunguka inaizidi hapo.

Kwenye laptop hutaliona hilo, maana ni nani anaandika gigabaiti 50 kwa mkupuo? Kwenye seva, bakapu ya usiku inaandika hivyo kila siku. Na diski ikiwa imejaa asilimia 90, kache yenyewe inakuwa ndogo, kwa sababu sehemu yake kubwa hukatwa kutoka nafasi iliyo wazi.

Dawa yake: usinunue QLC kwa seva inayoandika sana, na usigawe diski yote. Acha asilimia 15 hadi 20 bila kuigawa tangu siku ya kwanza, diski ikiwa bado haijaandikwa kitu. Kisha angalia kama seva inaiambia diski mafaili gani yamefutwa. Endesha `lsblk -D`; ukiona sufuri kwenye safu za DISC-GRAN na DISC-MAX, taarifa hiyo haifiki, na mara nyingi kontrola ya RAID ya zamani ndiyo inayoizuia. Inapofika, `fstrim -v /` mara moja kwa wiki inatosha.

Kunakili ni haraka, lakini mfumo unaganda mtu akibofya Hifadhi

Hii ndiyo dalili inayowapotosha mafundi wengi, nami iliwahi kunipotosha. Niliitwa zahanati moja wilayani Rungwe. Walikuwa wamebadilisha diski mbili, wameongeza RAM, wamebadilisha hadi swichi ya mtandao. Dada wa mapokezi alinivutia kiti.

"Pole na safari, fundi. Kaa hapa uone mwenyewe."

"Asante dada. Bonyeza kama unavyobonyeza siku zote."

Alimsajili mgonjwa, akabofya Hifadhi, akainua vidole na kuanza kuhesabu. Alifika sita ndipo skrini ikarudi. Kwenye seva, iostat ilionyesha diski inaandika chini ya megabaiti 3 kwa sekunde, lakini w_await ilikuwa juu ya 40 na diski imeshikwa karibu asilimia 100 ya muda. Diski iliyoandikwa megabaiti 560 kwenye boksi ilikuwa imezidiwa na megabaiti 3.

Sababu ni hii. Hifadhidata ikimaliza muamala mmoja, haitosheki kusikia "nimepokea". Inaiagiza diski: nihakikishie kwamba maandishi haya yatakuwepo hata umeme ukikatika sasa hivi. SSD ya laptop ina njia moja tu ya kulijibu agizo hilo kwa ukweli, nayo ni kuyatoa maandishi kwenye kumbukumbu yake ya muda na kuyachoma kwenye chipu papo hapo, kisha ijibu. Kila muamala unasubiri zamu. SSD iliyotengenezwa kwa seva ina safu ya kapasita ndani yake. Umeme ukikatika, kapasita hizo zinabaki na chaji ya kutosha kumalizia kuandika kilichokuwa njiani, kwa hiyo diski inaweza kujibu "tayari" mara tu inapopokea, na haidanganyi. Tofauti inayotokana na hapo si ya maradufu. Nikipima kwa vipande vya kilobaiti 4, kimoja kimoja, diski za laptop huwa zinanipa maandishi mia kadhaa hadi elfu chache kwa sekunde, na za seva makumi ya maelfu.

Pima mwenyewe, wakati ambao watu hawako kazini:

`fio --name=jaribio --filename=/srv/jaribio.bin --size=1G --rw=write --bs=4k --iodepth=1 --fsync=1 --runtime=60 --time_based`

Tazama namba ya IOPS mwishoni, yaani maandishi kwa sekunde, kisha futa faili la jaribio. Usishangae SSD ya bei juu ya kuchezea michezo ikitoka na namba ya kusikitisha. Haikutengenezwa kwa kazi hii.

Utakutana na ushauri wa kuzima fsync, yaani agizo lile la kuhakikisha, kwenye hifadhidata ya PostgreSQL ili mambo yaende haraka. Usifanye hivyo kwenye seva yenye data za watu. Umeme ukikatika, hifadhidata nzima inaweza kuharibika isifunguke tena. Kama huna fedha ya diski leo, weka synchronous_commit kuwa off. Hapo unaweza kupoteza miamala ya mwisho, kwa mipangilio ya kawaida isiyozidi sekunde 0.6, lakini hifadhidata yenyewe inabaki nzima. Kwa MySQL, innodb_flush_log_at_trx_commit ikiwa 2 unahatarisha takribani sekunde moja. Mwambie mwenye mfumo kabla hujafanya, na akubali mwenyewe. Mimi hapa sikubali kuamua kwa niaba ya mtu, maana sekunde moja ya maelezo ya mgonjwa si sawa na sekunde moja ya mauzo ya soda.

Pale zahanati hatukubadilisha diski zote. Tulinunua moja ndogo ya seva, gigabaiti 480, yenye kapasita, tukahamishia hifadhidata peke yake. Picha, hati zilizoskaniwa na mfumo wenyewe vilibaki kwenye SSD zilezile za laptop. Dada alibofya Hifadhi akiwa ameshainua vidole, na hakupata nafasi ya kuhesabu moja.

Umeme umerudi, diski haionekani au hifadhidata haifunguki

Kukosa kapasita hakuishii kwenye kasi. SSD ina ramani ndani yake inayoonyesha kila kipande cha data kimewekwa seli zipi, na ramani hiyo inabadilika kila wakati. Ikikatwa umeme katikati ya kuibadilisha, diski inaweza kuwaka ikiwa imejisahau: seva haiioni kabisa, au inaiona ikiwa na ukubwa wa ajabu. Kuna baya zaidi. Kwenye seli zinazobeba biti zaidi ya moja, kukatiza uandishi wa biti ya pili kunaweza kuharibu biti ya kwanza iliyoandikwa zamani. Yaani faili ulilohifadhi wiki iliyopita linaharibika kwa umeme wa leo.

Kwa hiyo muuzaji akikwambia "hii ina ulinzi wa umeme", muulize unalinda nini. Baadhi ya SSD za kawaida, Crucial MX500 ikiwemo, zinalinda data ambazo zilikwisha kuandikwa zisiharibiwe na umeme kukatika. Hilo ni jambo zuri, lakini hazilindi zile zilizo njiani. Diski ya seva inalinda zote mbili. Kama karatasi ya vipimo haisemi waziwazi, chukulia kwamba haina.

"Lakini sisi tuna UPS." Nasikia hivyo kila mahali, kuhusu lile boksi la betri ya akiba. Soma kwanza idadi ya mara diski ilizozimwa vibaya. Kwenye NVMe mstari unaitwa "Unsafe Shutdowns", kwenye Crucial za SATA (njia ya zamani ya kuunganisha diski) ni kipengele namba 174, kwenye Samsung za SATA namba 235. Ofisi moja ya akiba na mikopo ilikuwa na UPS nzuri chini ya meza, inawaka taa ya kijani, na diski ilikuwa imehesabu kuzimwa vibaya mara 61. Nilimwomba meneja ruhusa, watu wakatoka kwenye mfumo, nikazima hifadhidata, kisha nikachomoa waya wa UPS ukutani. Seva ilizimika palepale, hata mlio wa onyo haukumalizika. Betri ilishakufa muda mrefu, na UPS ilikuwa inapitisha tu umeme wa ukutani.

Jaribu UPS yako hivyohivyo kila baada ya miezi sita, na uiunganishe na seva kwa waya wa USB ili programu ya NUT iizime seva kwa utaratibu kabla betri haijaisha. UPS isiyoongea na seva inaahirisha tu kuzimika vibaya kwa dakika kumi. Na hata iliyo nzima haikusaidii pawa saplai ya seva ikiungua.

Diski iliyopotea baada ya umeme usiitupe mara moja. Iwashe ikiwa na waya wa umeme tu, bila waya wa data, iache dakika 20 hadi 30, izime kwa nusu dakika, rudia mara moja. Wakati mwingine inaijenga upya ramani yake na kurudi. Ikirudi, toa data zote siku hiyohiyo.

Umri wa diski unaisha kabla ya muda

Kila SSD ina kiasi ambacho mtengenezaji anakubali kiandikwe ndani ya dhamana, huitwa TBW, kwa terabaiti. Samsung 870 EVO ya terabaiti 1 ina 600. Crucial MX500 ya ukubwa huo ina 360. Kingston DC600M ya gigabaiti 960, ambayo ni ya seva na ina kapasita, ina 1,752. Namba hizo hazina maana mpaka uzilinganishe na kazi yako.

Mfano ninaoutumia sana ni kamera. Mfanyabiashara wa mbao wa Mafinga ana kamera 8, kila moja ikituma megabiti 4 kwa sekunde usiku na mchana. Jumla ni megabiti 32, sawa na megabaiti 4 kwa sekunde. Kwa siku ni gigabaiti 345.6, kwa mwaka terabaiti 126. Diski ya TBW 360 inamaliza dhamana yake kabla ya miaka mitatu, na ya 600 kabla ya mitano. Kamera ziwekee diski ya kuzunguka. Haina haja ya kasi, na gharama ya kila terabaiti ni ndogo.

Kwako, soma kiasi kilichoandikwa leo, soma tena baada ya siku saba, toa, gawa kwa saba. Kwenye Samsung za SATA kipengele 241 kinahesabu vipande vya baiti 512, na kwenye NVMe mstari wa "Data Units Written" unahesabu vipande vya baiti 512,000. Watu wengi wanachanganya hivyo viwili na kupata majibu ya kutisha au ya kufurahisha bure. Ukikuta seva inaandika kuliko ulivyotegemea, kagua kwanza RAM. Ikipungua, seva inahamishia kumbukumbu kwenye diski bila kukoma, na kuongeza RAM kunaokoa diski kuliko kununua diski nyingine.

"Percentage Used", yaani asilimia ya umri iliyotumika, ikifika 100, diski haizimiki siku hiyo. Lakini uwezo wake wa kushika data bila umeme umeshuka. Kiwango cha JEDEC, chombo cha viwango vya chipu, kiitwacho JESD218 kinadai kwamba SSD ya kompyuta ya kawaida, ikishatumika kufikia mwisho wa umri wake, iweze kushika data mwaka 1 bila umeme kwenye nyuzi 30, na ya seva miezi 3 kwenye nyuzi 40. Kwa hiyo SSD kuukuu uliyoichomoa kwenye seva na kuiweka kabatini si bakapu.

Jingine: ukinunua diski mbili za aina moja siku moja na kuzifunga RAID 1 (kila moja nakala ya mwenzake), zinaandikwa sawasawa na kuchakaa sawasawa. Inapokufa ya kwanza, ya pili iko mlangoni. Ninapoweza, nafunga mbili za watengenezaji tofauti, au mpya na moja iliyokwisha kutumika kidogo.

RAID inaitoa diski ambayo ikipimwa ni nzima

Kwenye smartctl angalia kipengele 199, kinachohesabu makosa ya njia ya data. Kikiongezeka, tatizo ni waya wa data au sehemu diski inapochomekwa, si diski. Vumbi la kiangazi linachangia sana. Kisipoongezeka, angalia toleo la famwea (programu iliyo ndani ya diski) na usome matangazo ya mtengenezaji. Usidhani haya ni ya diski za bei rahisi peke yake: Novemba 2019 HPE, watengenezaji wa seva, walitangaza kwamba baadhi ya SSD zao za SAS (njia ya kuunganisha diski za seva), zile za seva hasa, zingekufa zikifikisha saa 32,768 za kuwaka, yaani miaka 3, siku 270 na saa 8, kama famwea isingebadilishwa. Fikiria RAID nzima iliyowashwa siku moja.

Kasi inashuka mchana tu

Joto. NVMe iliyochomekwa kwenye kadi ya kuungia, bila bati la kupozea, nyuma ya seva ya zamani ambako hewa haipiti, inajipunguza kasi yenyewe. Watu wa Mbeya na Njombe hawaamini, kwa sababu Juni tunavaa makoti. Lakini tuko juu, na hewa nyepesi inabeba joto kidogo: Dell, kwa mfano, hupunguza kiwango cha joto kinachoruhusiwa kwa nyuzi 1 kwa kila mita 300 juu ya mita 950. Kwa mji ulio karibu na mita 1,700 ni kama nyuzi mbili na nusu. Bati la kupozea na nafasi ya hewa vinamaliza shauri.

Mafaili yanasoma takataka baada ya diski kujaa kiasi

SSD ya "terabaiti 2" kwa bei ya gigabaiti 240 ni ya kughushi. Ijaribu kwa programu za f3write na f3read kabla hujaweka chochote. Usipoteze muda mwingine nayo, irudishe.

Fedha ikiwa ndogo

Mteja akija na bajeti ya SSD mbili za laptop, namshauri anunue moja ya seva kwa ajili ya hifadhidata na abakize diski za kuzunguka kwa mafaili. Kama nayo haifiki, natafuta ya seva iliyotumika. Yenye asilimia 10 au 15 ya umri iliyotumika naichagua kuliko QLC mpya, ilimradi muuzaji aniruhusu kuisoma kwa smartctl mbele yake, na iwe SATA, maana ya SAS haitashika kwenye kontrola ya SATA. Kwa seva ya mafaili ya shule, inayosomwa kuliko kuandikwa, TLC ya kawaida yenye nafasi iliyoachwa wazi na UPS nzima inatosha, na sitamtoza mwalimu mkuu zaidi ya hapo.

Kila diski ninayofunga naibandikia karatasi kwenye trei yake: tarehe, saa ilizokwisha kuwaka, terabaiti zilizokwisha kuandikwa, TBW yake, na tarehe ya kuisoma tena. Nikirudi baada ya miezi sita, au akija fundi mwingine, hahitaji kunipigia simu kuuliza diski hii imetoka wapi.